Sein: Kijiji Kilichokataa Kuhama

Msomaji anayeitazama ramani ya Ufaransa kwa haraka hawezi kukiona kisiwa cha Sein. Wachora ramani wengi hawakitii kabisa, na wakikitia huwa ni nukta moja ya wino iliyodondoka katika bahari ya Atlantiki, magharibi ya jimbo la Bretagne, mahali ambapo nchi kavu imejichomoza baharini mfano wa ncha ya mkuki. Ncha hiyo huitwa Pointe du Raz. Kutoka hapo mpaka Sein ni kiasi cha kilomita 8 tu, lakini mlango wa bahari uliopo kati yao una mkondo mkali na miamba mingi, hata mabaharia wa zamani wakawa na msemo kwamba aionaye Sein ameuona mwisho wake.

Tumeona vyema kukieleza kisiwa hiki katika safu yetu kwa kuwa sehemu kubwa ya wasomaji wake ni watu wa visiwani, na sehemu iliyobaki ni maofisa ambao kazi yao ni kuyapanga mambo ya watu wa visiwani hali wao wenyewe wameketi mjini. Makundi haya mawili hayakubaliani siku zote juu ya swali moja. Je, mahali penye watu wachache, pasipo na mapato ya haja, na ambapo kupeleka daktari, mwalimu na maji kunagharimu kuliko kwingine, pana haki ya kuhesabiwa kuwa mahali kamili? Watu wa Sein wameulizwa swali hilo tangu enzi za wafalme, na kila mara wamejibu kwa vitendo zaidi kuliko kwa maneno.

Kwanza tukitazame kisiwa chenyewe. Eneo lake halifiki hekta 60, na urefu wake ni kama kilomita 2. Kimejikunja mfano wa nyoka, na mahali penye wembamba zaidi bahari ya upande mmoja inasikika na kuonekana kutoka upande wa pili. Hakina mlima, hakina kilima, na miti yake ni ya kuhesabika. Kimo chake cha wastani juu ya usawa wa bahari ni mita 1 na nusu, na pale penye mwinuko mkubwa kupita pote hapazidi mita 9. Wakati wa bamvua, maji yakipwa, miamba na fukwe hujitokeza na kisiwa hunenepa. Yakijaa, hasa pepo za magharibi zikivuma, mtu aliyesimama gatini huona bahari iko juu kuliko nyumba. Kuelekea magharibi safu ya miamba huendelea chini ya maji kwa kilomita nyingi, nayo ndiyo iliyozizamisha meli za mataifa yote yaliyopata kupita huko.

Nyumba zote zimesongamana sehemu moja, mashariki ya kisiwa, ukuta kwa ukuta. Mgeni hudhani ni ufinyu wa ardhi tu, kumbe ni hekima ya waliojenga: vichochoro vyake ni vyembamba na vyenye kona nyingi ili upepo ukatike nguvu, na husemwa kwamba upana wake ulipimwa kwa pipa, yaani kiasi cha pipa moja kuweza kuviringishwa kutoka gatini mpaka mlangoni. Watu wa Unguja Mjini, Lamu na Mutsamudu wanaufahamu ujenzi wa namna hiyo, ijapokuwa kwao uliletwa na haja ya kivuli na huko uliletwa na haja ya kujisetiri na dhoruba. Magari hakuna, na wakati wa msimu wa wageni hata baiskeli zimepigwa marufuku. Meli inapofunga gati wenyeji huteremka na mikokoteni ya kusukuma kwa mikono, kila mmoja akachukua unga wake, gesi yake na barua zake. Karibu na kanisa yamesimama mawe mawili marefu ya kale, yamesimikwa na watu ambao majina yao hayajulikani, na kwa kuwa yameelekeana mfano wa wazee wawili barazani, wenyeji huyaita Wasemaji. Mwandishi wa Kirumi Pomponius Mela, aliyeishi katika karne ya kwanza, alitaja kisiwa cha Sena na wanawake tisa mabikira waliotunza mahali patakatifu humo na kutabiri mambo ya mabaharia. Hayo ni masimulizi, lakini yanatuonyesha kwamba jina la mahali hapa padogo lilifika mbali zamani sana.

Maisha ya kale ya Sein yaligawanyika baina ya mume na mke kwa namna iliyo wazi. Bahari ilikuwa ya mwanamume na ardhi ilikuwa ya mwanamke. Wanaume walitega madema ya kamba wakubwa kati ya miamba ambayo nahodha wa kigeni asingethubutu kuikaribia. Wanawake walilima viazi na shayiri katika vishamba vidogo mno, kila kishamba kimezungushiwa ukuta mfupi wa mawe yaliyopangwa bila ya chokaa ili upepo usiupeperushe udongo. Juu ya hayo wanawake hao hao walivuna mwani. Waliutoa baharini, wakauanika, kisha wakauchoma katika mashimo marefu yaliyojengewa mawe, na majivu yaliyogandamana yakauzwa kwa viwanda vya bara vilivyotengeneza ayodini. Wasomaji wetu wa pwani za mashariki za Unguja na Pemba, ambako mwani umeshikwa na akina mama, hawatahitaji kuelezwa zaidi uzito wa kikapu cha mwani mbichi mgongoni.

Katika karne ya 19 walifika pia wavuvi wa dago. Hatuna neno jingine linalowafaa. Hao walikuwa watu wa Loguivy na vijiji vya jirani yake, karibu na Paimpol, kaskazini ya Bretagne, ambao kila kiangazi walipakia wake, watoto na vyombo vya kupikia ndani ya mashua, wakavuka njia ndefu kuja Sein kuvua kamba, na baridi ilipokaribia wakarejea kwao. Mwanzoni wenyeji waliwatazama kwa jicho la wivu, kama ilivyo desturi ya wenye bahari kila mahali. Baadaye baadhi yao walilowea, wakaoa na kuozesha, na leo gati moja la kisiwa linaitwa Gati la Watu wa Paimpol.

Kuna jambo la mavazi ambalo hatuwezi kulipita. Wanawake wa Bretagne walisifika kwa vilemba vyao vyeupe vya kitambaa chepesi, kila wilaya na mtindo wake. Wa Sein wao walivaa cheusi. Husimuliwa kwamba kipindupindu kiliingia kisiwani katika miaka ya 1880, kikaua, na wanawake wakavaa kilemba cha matanga. Kisha, kwa kuwa bahari haikuacha kuwaletea matanga mapya, hawakukivua tena. Makaburi ya waliokufa kwa kipindupindu yangalipo, yametengwa mbali na mengine.

Sasa tuingie katika mambo ya utawala, kwani ndiyo yatakayowavutia maofisa. Sein ni komuni. Komuni ni ngazi ya chini kabisa ya serikali ya Ufaransa, nayo ni mtoto wa Mapinduzi ya nchi hiyo. Sheria ya tarehe 14 Desemba 1789 ilizigeuza parokia na miji ya kale kuwa komuni. Na sheria ya tarehe 5 Aprili 1884 ikaweka misingi ambayo kwa sehemu kubwa inafuatwa hadi leo. Nchi nzima ina komuni karibu 35,000, na nyingi kati ya hizo ni vijiji vya watu mia chache. Kijiji cha watu 60 kina meya, baraza, bajeti na muhuri kama ulivyonavyo mji wa watu 60,000. Baraza huchaguliwa na wananchi kwa muda wa miaka sita, na meya huchaguliwa na madiwani kutoka miongoni mwao. Kijiji chenye watu kati ya 100 na 499, kama Sein, kimewekewa viti 11.

Meya huyo si sheha, wala si mkuu wa wilaya. Ana dhamana mbili kwa pamoja. Kwa upande mmoja ni kiongozi wa wanakijiji waliomchagua, mwenye kusimamia barabara zao, maziara yao, jengo la shule yao na maji yao. Kwa upande wa pili ni mtumishi wa dola. Tangu mwaka 1792 daftari za kuzaliwa, kuoana na kufa ziliondolewa mikononi mwa makasisi zikawekwa katika nyumba ya komuni, na ndoa isiyofungwa mbele ya meya au naibu wake haitambuliwi na serikali hata ingekuwa imebarikiwa kanisani. Hata majengo mengi ya makanisa, kwa kufuata sheria ya mwaka 1905 iliyotenganisha dini na dola, ni mali ya komuni, kiasi kwamba meya asiyesali hana budi kutafuta fedha za kuezeka kanisa. Juu ya meya yupo prefekti, mwakilishi wa serikali kuu katika mkoa, ambaye huangalia kama maamuzi ya kijiji hayavunji sheria. Ugomvi kati ya wawili hao ni mkongwe kama komuni zenyewe, na sisi hatudhani kwamba utakwisha.

Lakini watu wa Sein walijitawala kabla ya sheria hizo, kwa sababu ya umbali tu. Mwanzoni mwa karne ya 17 mhubiri Michel Le Nobletz alipofika kisiwani alikuta watu wamekaa bila ya padri, kwani hakuna aliyetaka kupelekwa huko. Aliondoka akimwachia mvuvi mmoja, François Guilcher, kazi ya kuwakusanya wenzake na kuwaongoza katika sala. Mvuvi huyo aliifanya kazi hiyo kwa miaka mingi, mpaka wakubwa wa kanisa walipoona aibu na kumpa upadri akiwa mtu mzima. Sisi tuliosomeshwa chuoni na walimu ambao mchana walikuwa wavuvi na jioni walikuwa maimamu hatuoni ajabu katika kisa hicho. Wafaransa wa bara waliona ajabu kubwa: mwandishi Henri Queffélec alitunga riwaya juu ya jambo hilo mwaka 1944, na mwaka 1950 ikatengenezwa filamu iliyooneshwa nchi nyingi.

Serikali za zamani zilikuwa na njia yao ya kuimaliza shida ya Sein, nayo ni kuwahamisha watu. Katika karne ya 18, baada ya bahari kukifunika kisiwa, Duke wa Aiguillon, aliyekuwa na amri juu ya Bretagne kwa niaba ya mfalme, aliwaahidi wakazi ardhi bara ikiwa watakubali kuondoka. Walikataa. Badala ya kuhamishwa walipata ukuta wa kuzuia bahari na msaada wa chakula. Na tangu enzi za wafalme walikwisha samehewa kodi, kwa hoja kwamba bahari na upepo vimekwisha watoza vya kutosha. Msamaha wa kodi ya ardhi na nyumba umedumu hata baada ya wafalme kuondoka. Bahari ilirudi mwaka 1868, watu wakapanda juu ya mapaa, na ikarudi tena mwaka 1896. Kila ilipoondoka, wanawake waliyarudisha mawe ya kuta mahali pake na kuusafisha udongo chumvi kwa kungojea mvua.

Mtu anaweza kuuita ukaidi. Sisi tunaona kwamba kulikuwa na hesabu ndani yake. Bara wangalikuwa vibarua katika shamba la mtu mwingine. Sein walikuwa wenye bahari yao, na elimu yao yote ilikuwa ya bahari hiyo. Elimu hiyo ndiyo iliyoihitaji serikali ilipotaka kujenga mnara wa taa wa Ar-Men, juu ya mwamba uliopo kama kilomita 10 magharibi ya kisiwa. Mwamba wenyewe huonekana tu wakati wa maji madogo, na mawimbi hayakuacha kuupiga. Kazi ilianza mwaka 1867. Wavuvi wa Sein ndio waliokubali kuteremka juu yake, wamejifunga mikanda ya magome mepesi yanayoelea, mkono mmoja umeshika jiwe na mwingine unatoboa, ilhali mwenzao mmoja anaangalia wimbi na kupiga kelele. Aliyechukuliwa na maji alifuatwa na mashua. Mwaka huo wa kwanza waliweza kuukanyaga mwamba mara 7 tu, na jumla ya saa za kazi kwa mwaka mzima ilikuwa 8. Mnara uliwashwa mwaka 1881, yaani baada ya miaka 14. Walinzi wake, na wengi wao walikuwa wana wa Sein, waliuita Jehanamu ya Majehanamu, na walikaa humo mpaka mwaka 1990 taa ilipofungiwa mitambo inayojiendesha yenyewe. Tunawaomba wahandisi wetu, wanapolalamika juu ya ugumu wa kazi za visiwani, waikumbuke hesabu hiyo ya saa 8.

Kisha ukaja mwezi wa Juni mwaka 1940. Jeshi la Ufaransa lilikuwa limevunjika, Marshal Pétain ameomba vita visimame, na majeshi ya Hitler yanateremka kuelekea Bretagne. Jenerali Charles de Gaulle, ambaye wakati huo hakujulikana na watu wa kawaida, alizungumza katika redio kutoka London tarehe 18 na tena tarehe 22, akiwaita Wafaransa waendelee kupigana. Redio kisiwani zilikuwa chache, watu wakakusanyika kuisikiliza moja. Hapakuwa na amri ya kuondoka. Amri halali ya serikali iliyokuwapo ilikuwa ni kusalimu. Meya na padri walikutana na watu, familia zikashauriana usiku, na tarehe 24 mashua Velléda na Rouanez ar Mor ziling'oa nanga kuelekea Uingereza. Tarehe 26 zikafuata nyingine. Kwa jumla waliondoka wanaume wapatao 130, miongoni mwao vijana wadogo ambao mama zao waliwafungia vitu vyao katika mabunda. Wajerumani walipofika waliwakuta wanawake, watoto, wazee na padri.

Husimuliwa kwamba de Gaulle alipowakagua wapiganaji wake wa mwanzo huko London, wakiwa mia chache tu, aliwauliza mmoja mmoja watokako, na jibu la Sein lilipozidi kurudiwa akasema kwamba basi Sein ni robo ya Ufaransa. Kauli hiyo imetiwa chumvi mara nyingi, na wengine huipokea kama mzaha. Ukweli ni kwamba mabwana wakubwa wenye nyota begani hawakuwamo katika mstari ule, na wavuvi walikuwamo.

Gharama yake waliilipa waliobaki. Uvuvi ulikuwa umezuiliwa au kubanwa, wenye nguvu hawapo, na habari za walio mbali hazifiki. Wanawake walirudi katika vishamba vyao vya viazi. Wajerumani walipoondoka mwaka 1944 waliulipua mnara mkuu wa taa uliopo kisiwani. Baadhi ya wale waliovuka hawakurudi. Mwezi wa Aprili mwaka 1945, wanawake wa Ufaransa walipopiga kura kwa mara ya kwanza, kura yenyewe ilikuwa ya kuchagua mabaraza ya komuni. Na ikiwa pana mahali ambapo haki hiyo ilikuwa imekwisha kulipiwa kwa jasho, ni Sein.

Tarehe 1 Januari 1946 komuni ya Sein ilitunukiwa nishani ya Ukombozi. Nishani hiyo walipewa watu zaidi ya 1,000, lakini komuni zilizoipata ni tano tu: Nantes, Grenoble, Paris, kijiji cha mlimani cha Vassieux-en-Vercors, na Sein. De Gaulle alifika mwenyewe kuikabidhi mwezi wa Agosti mwaka huo, na akarudi mwaka 1960, akiwa Rais, kufungua sanamu ya baharia iliyochongwa na René Quillivic.

Baada ya heshima hizo zote, watu wakaanza kuondoka.

Hilo ndilo jambo ambalo wasimulizi wa ushujaa hulifupisha. Kabla ya vita vya mwaka 1939 kisiwa kilikuwa na watu zaidi ya 1,200. Leo walioandikwa katika daftari hawafiki 300, na wakati wa baridi, majirani wanasema, waliopo kweli ni wachache kuliko hao. Hawakufukuzwa na bahari, wala na prefekti. Kamba walipungua, viwanda vya majivu ya mwani vilifungwa kwa kuwa ayodini ilipatikana kwa njia nyingine, minara ya taa haikuhitaji tena walinzi, na kijana aliyekwenda bara kusoma au kufanya kazi katika meli kubwa alioa huko. Lugha yao ya Kibretoni, ambayo walimu wa serikali waliwaadhibu watoto kwa kuisema shuleni, imebaki kwa wazee na katika majina ya miamba.

Na nyumba? Nyumba zipo. Zaidi ya nusu yake ni za watu wanaokuja kiangazi, wengine ni wajukuu wa wenyeji, wengine ni wanunuzi kutoka mijini. Mwezi wa Agosti vichochoro hujaa, mikahawa hujaa. Mwezi wa Januari madirisha yamefungwa, na mvuvi kijana mwenye mke na mtoto mchanga hana nyumba ya kupanga kwa mwaka mzima, kwani mwenye nyumba hupata fedha nyingi zaidi kwa wiki chache za jua. Komuni imelazimika kujishughulisha na nyumba za kukodisha kwa wakazi wa kudumu. Kwa maoni yetu jambo hili ni la hatari kuliko mawimbi ya mwaka 1868. Wimbi lilikuja usiku mmoja likaondoka, na waliokuwa juu ya mapaa waliteremka wakaanza tena. Nyumba iliyonunuliwa na mtu wa kiangazi hairudi kirahisi.

Ama huduma, serikali ya Ufaransa haikuitupa Sein, na haki hiyo tuikiri. Mnara ulijengwa upya mwanzoni mwa miaka ya 1950. Umeme hutoka katika mitambo ya dizeli, kwa kuwa hapana waya wa chini ya bahari unaokiunga kisiwa na bara; katika miaka ya karibuni zimeongezwa paneli za jua na betri. Maji hupatikana kwa mtambo unaoyaondoa chumvi maji ya bahari, ilhali zamani kila nyumba iliishi kwa mvua iliyokingwa. Meli ya abiria na mizigo hutoka Audierne na huchukua kiasi cha saa moja, bahari ikiruhusu. Mgonjwa mahututi hufuatwa kwa helikopta au mashua ya uokoaji, na mjamzito huvuka mapema kwenda kujifungulia bara, hivyo kwamba vizazi vya sasa vya watu wa Sein vimezaliwa mahali pengine.

Juu ya umeme huo pametokea ubishi unaostahili kusikilizwa. Mwaka 2013 baadhi ya wakazi na marafiki zao waliunda kampuni yao, wakitaka wao wenyewe wazalishe umeme kwa upepo, jua na mikondo ya bahari iliyowatesa baba zao, na faida ibaki kijijini. Sheria ya nchi ilikuwa imelikabidhi shirika la umeme la taifa jukumu la kusambaza umeme kisiwani, na hivyo wakaambiwa kwamba mtandao wa watu mia chache hauwezi kugawanywa. Shirika lilijibu kwa mpango wake lenyewe wa kupunguza dizeli. Wenyeji wenyewe hawakuwa na kauli moja: wapo waliosema kwamba shirika la taifa, likiwatoza bei ile ile inayolipwa bara, linawafadhili, na kwamba si busara kuuchezea ufadhili huo. Hoja zote mbili zina uzito. Lakini tunamwelewa pia mzee anayeuona mkondo ukipita mlangoni kwake mchana na usiku, kisha anaisubiri meli ya mafuta.

Shule ndiyo kipimo tunachokiamini kuliko takwimu. Shule ya msingi ya Sein ina watoto wa kuhesabika kwa vidole, na kila familia moja ikihama, mwalimu huanza kuhofia barua kutoka idara ya elimu. Kwa wakubwa kidogo, visiwa vya upande huo wa Atlantiki viliundiwa shule moja ya sekondari yenye matawi katika visiwa mbalimbali, na baadhi ya walimu wake huzunguka kisiwa hadi kisiwa kwa meli au ndege ndogo. Mpango huo hauonekani mzuri katika vitabu vya mhasibu. Mameya wa visiwa hivyo, ambavyo ni 15, walikwisha ungana katika chama kimoja tangu mwaka 1971, na kwa umoja huo hudai mambo ambayo mmoja wao peke yake asingesikilizwa: nauli ya meli, gharama ya kupeleka mchanga na saruji, posho ya daktari.

Limebaki suala la bahari yenyewe, ambayo inapanda. Dhoruba ya mwezi wa Machi mwaka 2008 iliziharibu kuta za kuzuia maji, na kisiwa chenye kimo cha mita 1 na nusu hakihitaji kufafanuliwa na wataalamu maana ya sentimita chache za ziada. Kuzijenga na kuzikarabati kuta hizo ni gharama ambayo watu mia mbili na kitu hawawezi kuibeba, wangepangiwa kodi ya namna yoyote. Bila ya fedha za mkoa, za serikali kuu na za Jumuiya ya Ulaya, hapana ukuta. Lile swali la Duke wa Aiguillon, basi, limerudi mezani, safari hii likiandikwa kwa lugha ya makadirio na vipaumbele, na wakazi wanalitambua hata likivaa nguo nyingine.

Mwaka 2012 nishani ile ya Ukombozi iliwekwa chini ya uangalizi wa baraza la komuni tano zilizotunukiwa, kwa kuwa ilikuwa dhahiri kwamba wenye nishani walio hai wanakwisha. Wa mwisho wao, Hubert Germain, alifariki mwezi wa Oktoba mwaka 2021. Kwa hiyo amana hiyo sasa iko mikononi mwa Paris, Nantes, Grenoble, Vassieux na Sein, na wawakilishi wao huketi pamoja, kiti kwa kiti. Kikao kinapofanyika Paris, meya wa jiji hilo hurudi ofisini kwake kwa dakika chache. Wa Sein hushika njia mpaka mwisho wa nchi kavu, akafika Audierne, akaulizia kwanza hali ya bahari; na ikiwa mlango umechafuka, hulala huko akingojea meli ya kesho yake.